Alama ya Mwashi

Fureri Tarsisi haongei kabla ya saa mbili asubuhi.
Ananionyesha kwa kidole: hapa mlango, hapa dirisha,
hapa usikanyage, ni vitunguu.
Mimi ni mwashi. Natoka Ndosho kwa miguu,
nafika Keshero na nyundo mbili, timazi mfukoni.
Jiwe letu jeusi lina matundu kama mkate uliochacha,
nalo huila patasi kabla patasi haijalila.

Saa nne, kwenye chai, ulimi wake hufunguka.
Anatoa picha iliyokunjwa mara nne:
nguzo tatu, ng'ombe, hakuna paa.
"Huyu ndiye bibi wa nyumba yetu," anasema.
Miaka mia tisa, kasoro kidogo.
Walifika watu kumi na watatu na punda mmoja
katika bonde ambalo tajiri aliwapa
kwa sababu hata mbuzi wake walikataa kulala humo.
Matope hadi magoti. Masika ya kwanza wakazika watatu.
Wakachimba mitaro, mto ukakubali kugeuka,
wakafuga kondoo, wakafuga samaki,
na usiku, saa ambayo hata jogoo ana haki ya kulala,
waliamka kuimba, baridi imo mifupani.

Nikauliza: na waliobeba mawe, nao waliimba?
Akakoroga chai isiyo na sukari.
Hapana. Walikuwapo ndugu wa kazi,
wenye ndevu, wasiojua kusoma.
Mlango wao, mabenchi yao nyuma,
ukuta katikati. Waliambiwa: Baba Yetu inawatosha.

Nikaitazama mikono yangu. Nikarudi kazini.

Siku ya mvua alinipa mwisho wake.
Walitajirika. Sufi yao ilivuka bahari.
"Ukuta wa kwanza ulibomolewa kutoka ndani," alisema,
hakufafanua.
Kisha serikali ikaja na karatasi na mihuri,
ikauza kengele, ikauza vitabu kwa kilo.
Wanakijiji wakaja na mikokoteni.
Leo kichwa cha mtakatifu fulani
kimo katika ukuta wa zizi la nguruwe,
kinatazama pumba zikimwagwa.

Nilicheka, kisha sikucheka.
Mwaka wa elfu mbili na mbili moto ulishuka mlimani
ukalala juu ya nyumba ya mama, Birere.
Ulipopoa nilirudi na nyundo.
Nilipasua lile lile lililoifunika,
nikaliuza, chukudu moja moja,
hadi nikapata mabati.
Mtu hula kilichomla.

Waashi wa bonde lile, asema Fureri,
walichora alama kwenye kila jiwe:
samaki, mshale, herufi iliyopinduka,
ili siku ya malipo wasidhulumiwe.
Majina ya maabate yalikwenda na vitabu.
Alama bado zipo.

Basi nami nikachora: gurudumu la chukudu,
duara na msumari katikati.
Mawe mia nne na kumi na tisa.
Jumamosi mtunza fedha akahesabu mia tatu na tisini.
Tulibishana hadi kengele ya saa sita.
Fureri Tarsisi akaja, akavua miwani,
akapapasa ukuta kwa vidole, jiwe kwa jiwe,
midomo ikicheza kama ya anayesali,
kumbe anahesabu tu.
Mia nne na kumi na tisa. Nikalipwa.

Lipo la mia nne na ishirini.
Nililigeuza, alama ikatazama ndani,
kwenye giza la chokaa.
Lilitoka Birere.
Hilo sikulidai.