Upana wa Ukucha

Kaunas, Januari. Kingo za mto zimeganda.
Daktari Živilė hana ubao wala chaki;
ametoa mfukoni vifungo viwili vya koti,
akaviweka mezani, mbali mbali.

"Hiki," akasema, "ni seli B. Imemkamata mgeni,
imemtafuna, na kipande chake imekitundika mlangoni
kama mchinjaji anavyotundika paja.
Hiki nacho ni seli T, ile saidizi.
Inapita ndani ya mitoki, mlango kwa mlango,
haina haraka.
Ikikitambua kile kipande, inasimama.
Inanyoosha mkono."

Usiposhikwa mkono, seli B haina hakika
kama imemkamata adui au chenga za mkate.
Ukishikwa, inaambiwa: Ndiye. Haya, jigawe,
jikosoe, futa, andika upya,
acha ile silaha ya kwanza, nene, ya mikono kumi,
fua kingamwili nyembamba
zinazomjua huyu, na huyu tu.

Akavisogeza vifungo vikakaribiana.
Akaviacha hapo. Upana wa ukucha.

"Kwa Tautvydas," akasema, "mkono haupo."

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Seli B za mwanangu ni tele, hazilali,
zinafua silaha ile ile ya kwanza tangu azaliwe,
kama mtoto aliyejaza daftari zima herufi moja
kwa kuwa hakuna aliyemwambia:
vizuri, sasa geuza ukurasa.

Nikauliza, limetoka wapi jambo hili.
Akavitazama vifungo,
kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa na kaka. Rimvydas, miaka minne,
kifua, homa, kifua tena, siku saba.
Mama alisema ni baridi ya mto iliyomchukua.
Mpaka leo halivuki daraja la Aleksotas kwa miguu;
hupanda basi la nyaya kwa kituo kimoja tu,
uso ameupa upande wa pili.
Nitamwambiaje kwamba mto hauna hatia?
Kwamba kilichokosekana tulikibeba sisi,
yeye na mimi, damuni,
bila kuumwa hata siku moja?

Sasa kila wiki ya tatu tunakuja hapa.
Chupa inaning'inia, inadondoka polepole
mpaka chai yangu inapoa na utando unaikaa juu.
Ndani yake mna kingamwili za watu maelfu:
dereva, mtawa, labda mtu niliyegombana naye sokoni.
Mahali fulani, ndani ya mwili nisioujua,
kwa ajili ya kila tone
mkono ulinyooshwa
na ukapokelewa.

Sijui nimshukuru nani.
Tautvydas amenyakua kifungo kimoja, anakitafuna.
Nakitoa kwa kidole, kimelowa mate,
naye analia kana kwamba nimemwibia nyumba.
Hicho kingine kimebaki mezani.
Daktari amesahau kukichukua.