Mgongo wa Lusweti

Tumetoka ukumbini njaa ikiwa imetutangulia
hadi kwa Mama Nyaguthii, nyuma ya karakana ya baiskeli,
na kabla chapati ya kwanza haijageuzwa
Kiptanui keshaanza:
"Yule jambazi alianza kukimbia Bondeni, si ndiyo?
Akakata kona. Kona moja tu!
Akatokea Lanet.
Mimi kwa bodaboda hapo ni mia na hamsini,
na nimebembeleza."

Tukacheka hadi madondo yakaruka sahani.
Tiketi yetu huwa tunailipia mara mbili:
kwanza dirishani,
halafu hapa, kwa mbavu.

Chelagat ni mwalimu, hasahihishi kwa huruma.
Anasema hadithi inapita, ila mvua ilikuwa ya ndoo.
"Ndoo yenyewe nimeiona. Juu, upande wa kulia,
mkono wa mtu na ndoo ya samawati.
Na nyuma ya huyo anayelia mvuani
nguo za jirani ziko kwenye kamba,
kavu kau."

"Afadhali hiyo," asema Wairegi. "Ile ya wiki jana je?
Dada kalala msituni siku nne
kaamka nywele zimechanwa, mdomo unang'aa.
Mimi nikilala usiku mmoja kwenye kochi la shangazi
naamka kama niliyepigana na fisi."
Na mumewe, risasi nane kifuani,
bado ana wosia, ana salamu kwa kila mtu,
kama simu yenye chaji asilimia moja
inayokataa kuzima.

Sisi hatutoi nyota. Tunatoa chapati.
Ya wiki jana ilipata moja na nusu,
na hiyo nusu ni ya farasi.

Lusweti amenyamaza, anafuta sahani iliyokwisha kufutika.
Tunajua anangoja nini.
Dakika ya hamsini na moja, sokoni,
jambazi anapopita akipindua mafungu ya nyanya,
kuna mtu amesimama ananunua parachichi.
Sekunde tatu. Mgongo mtupu.
Siku mbili za kusimama juani, mia tano na soda,
na shati la Wairegi, la mistari,
ambalo halijarudi tangu Februari.

"Mgongo ulikuwa na hisia," asema Chelagat.
"Bega la kushoto lilizidisha."
"Parachichi lilimfunika kabisa, lina kipaji lile."
"Na shati! Shati ndilo nyota wa filamu," asema Wairegi,
"na mwenye shati hajaona hata senti."

Lusweti akacheka nasi, akanywa maji.
Kisha akasema, kama anayetaja bei ya kitu,
kwamba Jumapili alimleta mamake kutoka Chwele.
Hajawahi kuingia ukumbi wa sinema, yule mama.
Aliuliza mbona wanazima taa na watu hawajalala.
Lusweti hakumwambia atatokea wapi,
alitaka amwone mwenyewe.

Dakika ya hamsini na moja akamshika kifundo cha mkono.
"Yule ni baba yako," akasema.

Mzee alizikwa mwaka ule nzige walipokuja.

"Ukamwambia ni wewe?"
"Ningemwambiaje?"
Akakaa hivyo hivyo, amenishika, hadi mwisho.
Jambazi akakamatwa, watu wakapiga makofi,
majina yakaanza kupanda,
naye akanigeukia: "Watamrudisha tena?"

Mafuta yalichachatika kwenye kikaango.
Kwa mara ya kwanza katika miaka yetu ya kuchambua
hakuna aliyekuwa na la kusahihisha.

Wairegi akakohoa.
Akatazama ukuta, akatazama vidole vyake.
"Lile shati," akasema, "kaa nalo tu.
Linanibana siku hizi."

Halilingani na uongo wowote wa filamu, ule.
Wairegi ni mwembamba kama antena.

Halafu Kiptanui akauliza, mdomo umejaa,
kama huko Lanet parachichi ni bei gani,
maana yeye akienda, ni kona moja tu.