Ngozi Ili Maji

Juni imepanda tena kutoka Shimo la Mungu
na upepo wake wa kukwaruza.
Asubuhi Newala watu wanasalimiana kwa moshi mdomoni,
nami nikijikuna mguu chini ya cherehani
nasikia sauti ya mtu anayekunja gazeti.

Ndiyo hivyo. Nina ngozi ya gazeti.
Ukinichora kwa ukucha unaandika jina,
na watoto wa dada waliwahi kuliandika:
SOMOE, jeupe, kutoka kiwiko hadi kifundo.
Wakacheka, nikacheka.
Usiku nikawasha taa, nikalifuta kwa mate.

Mama alinilea kwa dodoki.
Dodoki la uani, lililokaushwa juu ya bati,
na sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi,
na ndoo moja. Moja, si mbili;
maji ya kununua, kila kata ina bei yake.
Alinisugua mgongo kama anayetafuta mtoto mwingine ndani.
"Ngozi ivute ili maji," anasema, nami nalia,
"ukikua utanishukuru."
Nimekua. Nimejisugua mwenyewe miaka thelathini.
Nilidhani kuwashwa ndiko kutakata.

Kisha losheni. Usiniulize ngapi.
Ya waridi, ya tango, ya maziwa ya mbuzi wa nchi za watu,
na ile ya kopo la dhahabu
aliyonikopesha Bi Nambunga hadi msimu wa korosho:
siku tatu nang'aa,
wiki tatu nimejificha ndani ya mikono mirefu.

Mwaka huu walipoanza kupuliza salfa,
unga ukatua kwenye mikorosho,
kwenye kanga kambani, kwenye kope,
na shingo yangu ikawaka.
Ikachanika hapa, chini ya sikio,
mpasuko mdogo kama mdomo unaotaka kusema.

Binti wa duka la dawa, Fadhila,
rika la mwanangu wa pili,
hakunitazama kama ugonjwa.
"Unaoga maji ya moto?"
Ya moto. Kwa baridi hii!
"Unasugua?"
Nikanyamaza.
"Mama, ngozi si sufuria."

Elfu mbili na mia tano,
kopo la mafuta ya mgando yasiyonukia chochote.
Maneno akanipa bure:
maji vuguvugu, na usikae humo ukiimba;
sabuni isiyo na manukato, tena penye jasho tu;
taulo ligandamize, usilikokote;
upake maji yangali mwilini.
"Na zile losheni zangu?"
"Mpe usiyempenda."

Maji yangali mwilini.
Nilirudi na kopo mkononi hadi njia panda ya soko
ndipo methali ya mama ikanigeukia,
ikanionyesha upande wake wa ndani.

Baba Mshamu alininusa usiku ule.
"Leo umesahau kujipaka?"
Wiki ya kwanza nililia harufu ya waridi kama msiba.
Wiki ya pili nilisahau kujikuna.
Wiki ya tatu nilisahau na kupaka, siku mbili,
na gazeti likarudi, kurasa zote.
Basi nikajua: hii si dawa ya kupona,
ni kazi, kama kufagia.

Sasa mama anaoshwa na mimi.
Amekaa kwenye kigoda, mgongo umekuwa mwembamba,
unaona kila kitu kilivyopangwa ndani.
"Sugua," anasema.
Namwagia kata, polepole.
"Mbona husugui? Dodoki liko wapi?"
Dodoki liko jikoni, linaosha masufuria.
Sijamwambia.
Nachota mafuta, nayayeyusha kati ya viganja,
nayaweka begani matone yakiwa hayajaanguka.
Ananusa mkono wangu. Hanusi kitu.
"Nimetakata kweli?"

Bado una maji, mama. Tulia.