Yai la Ndeshi

Ukumbi wa Pasua, Moshi, tiketi elfu mbili.
Mchekeshaji anatuvunja mbavu,
nyuma yake friji mbovu ya Ndeshi:
balbu moja, kipimajoto, maji kwenye kopo la siagi
na yai lililogoma.

"Saa mbili kamili litapasuka," alituahidi.
Mbili ikapita. Tatu kasorobo.
Wakaja wa sarakasi, akaja kijana na roketi ya chupa,
yai kimya.

Kisha umeme ukakatika.
Ndeshi akavua khanga, akaifunika friji,
akaikumbatia kama mgonjwa wa homa.

Gizani, mchekeshaji katikati ya neno,
tukasikia: pyo.

Njiani mwanangu hakutaja vichekesho.
Aliuliza kama friji yetu ya uani,
ile ya kuwekea viatu,
bado ina mlango.