Bati Arobaini

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei
baba alishuka mjini, fedha kazifunga kwenye soksi.
Mama alitaka bati.
Baba akaleta sauti:
spika mbili, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la pili,
zimeviringishwa blanketi, zimelazwa kwenye pikapu ya ushirika
kama wagonjwa wanaorudishwa Kibosho.

"Bati arobaini," mama alisema,
na tangu siku hiyo hakuzipa jina jingine.
Futa vumbi kwenye bati arobaini.
Nani kaweka kikombe juu ya bati arobaini?
Masika ikija, paa likivuja sufuria tatu na beseni,
baba aliongeza sauti.

Mwezi uliopita nilizishusha Moshi,
uchochoro wa nyuma ya soko la Mbuyuni,
kwa Mchomvu, fundi mwenye miwani iliyoungwa kwa solda.
Ya kulia ilikuwa inakoroma.
Ya kushoto ilinyamaza wiki ya msiba wa baba.
"Si huzuni," Mchomvu akasema, "sponji imeoza."
Akagusa ukingo wa koni, ukamwagika
kama jivu la sigara iliyosahauliwa.

Jirani yake anauza spika mpya,
za plastiki, zinazowaka taa nyekundu na buluu.
Bei yake nusu ya kazi hii.
Niliuliza. Sikuona aibu kuuliza.
Mchomvu akaazima moja, akaigeuza, akaigeuza tena,
kama mtu anayetafuta mdomo wa yai.
"Nionyeshe skrubu."
Hakuna. Gundi pande zote.
"Hii ikifa imekufa. Kisichofunguka hakirithiwi."

Kisha zangu: skrubu nane,
kila moja ikalia kidogo, ikatoka.
Akainua sumaku kwa mikono miwili,
akamulika ndani ya sanduku kwa tochi ya simu,
akanyamaza.
"Njoo usome."

Kwenye mbao, kwa penseli ya seremala:
*Koili imesukwa upya. Waya wa dinamo ya Peugeot.
Juni 1988. Kisamo, Majengo.*
Chini yake, mkono mwingine, wino wa bluu:
*Kapasita mbili. 2003.
Kalipa mke. Mume asijue.*

Nilisoma mstari ule mpaka tochi ikazimika.

Kiwanda kilichoziunda kilishafungwa, Mchomvu alisema,
vipuri hupati hata kwa dawa.
Yuko tajiri Arusha, angezinunua kesho,
kwa bei ambayo ingenikalisha chini.
"Lakini yule atazitazama tu."
Akakata ukingo mpya kwa ngozi ya mwanambuzi,
akaulainisha, akaubandika, akaukandamiza
kwa vibanio vya kuanikia nguo, ishirini na viwili, nilivihesabu.
"Hazitalingana," akanionya.
"Ya kushoto itakuwa na sauti ya mtu aliyetoka kulala
mpaka ngozi ilegee. Mwaka. Labda miwili."
Na kule chini kabisa kwenye besi
kuna mkwaruzo aliousaka siku tatu
akaukosa. Hakunitoza huo.

Kabla ya kufunga akaandika jina lake,
akaacha nafasi chini, upana wa vidole vitatu.
Sikuuliza ya nani.

Mama ana miaka themanini na moja.
Paa lililo juu yake ni la tatu;
bati za kwanza ziliishia banda la kuku,
kutu ikazila zikiwa kule.
"Bati ngapi?" akaniuliza
hata blanketi sijafungua.
"Kumi na moja."
Akahesabu kwa vidole, akaguna:
"Enzi zile wangefanya kwa mbili."

Enzi zipi, mama?
Neno lilinifika kooni, nikalimeza na chai.
Nikawasha redio: matangazo ya vifo,
kisha bei ya mahindi.
Mkwaruzo upo, kwenye jina la kila marehemu mwenye sauti nene.
Nje mvua ikaanza kupiga bati.

"Ongeza," mama akasema.