Nyongeza

Saa kumi na mbili na robo, Owino haijanyoosha miguu.
Robota liko mezani kama ng'ombe aliyefungwa,
Kiwalabye anautoa wembe kati ya meno.
Tunasubiri, wanawake kumi na mmoja, na mimi,
viwiko tayari, noti zimelala ndani ya sidiria.
Kamba zinakatwa, pa! pa!
na robota linapumua mara moja tu:
dawa, sanduku, kwapa la mtu wa mbali.

Hapo hakuna dada wala jirani.
Mkono unaingia kabla ya jicho.
Soko hili limenisomesha: pamba ni baridi,
nailoni huteleza kama mwenye deni,
sufu ya kweli huuma kidogo.
Shati lisome shingoni, ndiko jasho lilikokaa.
Zipu iendeshe mara tatu.
Na ukipenda kitu, usikitazame.
Tazama cha pembeni yake. Kitukane.
Uliza bei ya soksi.

Juu ya mabati kaloli watatu wamesimama
kama madalali waliofilisika.
Mfereji wa Nakivubo unanuka jana.

Nilikuja kutafuta sweta la shule, rangi ya ugoro,
la Zubeda wa dada yangu.
Sikuja kutafuta mtu.
Lakini kwenye kamba ya tatu, kati ya koti la mvua
na gauni la harusi lenye doa la divai,
mkono ukaingia kabla ya jicho.
Koti la kahawia. Kifungo cha pili kutoka chini
ni cheusi, wenzake wa kahawia,
kimeshonwa kwa uzi mwekundu, msalaba juu ya msalaba,
kwa sababu usiku ule Bombo umeme ulikatika
na uzi mwekundu ndio niliougusa kwanza.

Mursali alicheka. Akalivaa hivyo hivyo,
miaka sita ya zamu za usiku
langoni mwa kiwanda cha magodoro,
yeye na kifungo chake chenye jicho jekundu.

Baada ya arobaini nililiuza mimi mwenyewe.
Kodi ilikuwa mlangoni. Elfu nane.
Sikumtazama mnunuzi, niliitazama noti,
nikaigeuza, nikaigeuza,
kama kwamba nalilia mpasuko wake.

"Nnyabo, hilo limeingia leo. Limetoka Ujerumani.
Shika uone uzito. Elfu arobaini."

Ujerumani!
Nikamwona Mursali kwenye theluji, anafungua lango,
anamwamkia Mjerumani kwa Kinubi.

Nikisema ni letu, bei itapanda.
Nikilia, itapanda zaidi.
Basi nikalitukana.
Nikasema mikono mifupi. Nikasema bitana imeoza.
Nikasema, na kifungo hiki alikishona nani, kipofu?
"Wajerumani nao," akasema Kiwalabye, "wana maskini wao."

Kumi. Thelathini na tano. Kumi na mbili.
Nikaondoka hatua saba,
mbili za kweli, tano za uongo.
Akaniacha nifike ya sita ndipo akaniita.
Elfu kumi na nane.

Akalikunja vibaya, akalisokomeza kwenye kavera jeusi.
Nikamshika mkono: na nyongeza?
Kwangu na kwake neno ni hilo hilo.
Akachakura, akachakura tena, kisha akanitupia
soksi mbili zisizojuana, moja ya mtoto.

Sweta la Zubeda sikulipata.

Pale Kisenyi mvua ikanibana chini ya kibaraza cha wauza spea,
nikalivaa. Lilinifika magotini.
Nikatia mkono mfuko wa ndani, niliouziba mwenyewe kwa ule ule uzi,
nikakuta maganda ya njugu, na njugu moja nzima.

Mursali hakula njugu. Zilimwasha koo.

Basi kuna mwingine aliyelivaa,
akapigwa baridi humu, akala, akasahau moja,
naye akaliuza, sijui kwa kodi gani.

Nikaipangusa kwa kidole.
Nikaila.