Saa Tisa, Nkuhungu

Mwili wangu haujafika.
Sanduku limefika, limefunguliwa, limegawiwa:
soksi za sufu kwa mjomba, na chai ya kijani
ambayo mama aliionja, akaitazama,
akaipandisha juu ya kabati karibu na dawa ya mbu.
Mimi pia nimefika, wanasema. Wamenishika mkono.
Lakini mwili bado uko njiani,
huenda umekaa Doha kwenye kiti cha chuma
unasubiri kuitwa jina.

Usiku wa kwanza niliamka kama mtu aliyeitwa.
Upepo wa Dodoma ulikuwa unajaribu bati mojamoja
kama mwizi asiye na haraka.
Saa yangu ya mshale sikuigusa tangu Sapporo.
Nikaimulika kwa simu: tisa kamili.
Kule ni asubuhi. Wenzangu wanavua viatu mlangoni,
pampu ya mazoezi imeanza kunguruma.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudi nyuma saa sita,
nikaangukia hapahapa: saa tisa. Ya usiku.
Nikacheka peke yangu ndani ya chandarua.
Kumbe ukuta wa Wajapani na ulimi wa mama yangu
husoma mshale mmoja!
Nimevuka bahari na majangwa, saa haikukosea hata dakika.
Aliyekosea ni huyu aliyeivaa.

Hapo ndipo bomba la uani lilipokohoa.
Kwanza hewa, kisha kutu,
kisha maji, membamba,
kama mtu anayekiri asichotaka kukiri.
Mgao wa mtaa wetu huja saa hiyo
na huondoka kabla jogoo hajamaliza sentensi.
Mama alikuwa ameshaketi, macho yamefumba,
mguu unatafuta kandambili chini ya kitanda.
"Lala," nikamwambia. "Kwangu bado mchana."

Nikajaza ndoo saba, madumu matatu,
na lile pipa la bluu lenye ufa uliozibwa kwa sabuni.

Kulipokucha wakanitibu, kila mtu na dawa yake.
Mjomba Ndahani, ambaye hajavuka Morogoro,
alisema tatizo ni kahawa ya ndegeni.
Kijikaratasi cha shirika la ndege kilisema:
*Kunywa maji mengi.*
Nikaliangalia pipa.
Mama alisema tu, "Kaa juani,"
akanipa ungo wa karanga nichambue.
Saa nne, saa tano, jua limenishika kisogo.
"Na usilale kabla ya kuku."
Saa nane kope zikawa mifuko ya saruji.
Wakanikuta nimeinamia ungo,
karanga moja mkononi, haijamenywa.

Usiku wa pili, tisa.
Wa tatu, tisa.
Siku nane mama alilala hadi mwanga.
Sikuwahi kumwona amelala:
mdomo wazi kidogo, mkono mmoja nje ya kitanda,
vidole vimekunjwa
kana kwamba vimeshika mpini wa ndoo.
Miaka ishirini na sita anaamka saa tisa.
Hajapanda ndege hata moja.
Nani aliwahi kumwambia yeye akae juani?

Usiku wa tisa nililala.
Nililala kama gunia lililoshushwa,
bomba likakohoa, likasema, likanyamaza, sikusikia.
Nikaamka saa moja, jua liko dirishani.
Uani ndoo zote zimejaa, zimefunikwa masinia,
na mama anakoroga uji wa uwele,
macho mekundu, anatabasamu.
"Umefika," akasema.
"Sasa ndiyo umefika."

Jioni ile, alipokuwa akiomba, nikazichukua kandambili zake,
nikazilaza chini ya mto wangu.
Nikatega simu. Sikuiamini.
Nikaubembeleza mwili gizani:
rudi,
usiende mbali,
rudi hata Doha tu.